Barua kwa mwanangu: waambie unachohitaji

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako amepiga tena jana jioni kuuliza akupe zawadi gani ya safari yako ya kwenda kusoma ng'ambo. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akasema ameshakuuliza, nawe ukamjibu, "Chochote tu, Shangazi, wala usijisumbue." Mjomba wako ulimjibu vivyo hivyo. Baba mdogo hakupata hata jibu, ulimtumia kikatuni cha mikono ya shukrani ukanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu utasema "sawa, Mama," na habari itaishia hapo.

Jibu lako hilo linaninyima usingizi, na si kwa sababu ya zawadi. Unakwenda mahali ambapo hakuna atakayekusoma usoni. Hapa nyumbani nikiona umesogeza sahani pembeni najua unaumwa, hujafungua hata mdomo. Huko mwenye nyumba hatajua kwamba kipasha joto cha chumba chako kimekufa mpaka umwandikie. Mhadhiri hatajua umepotea kwenye somo mpaka uende ofisini kwake. Vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na watu wa pale wanalipwa kusaidia watu kama wewe, lakini asiyebisha hodi watamsaidiaje? Kama unashindwa kumwambia shangazi aliyekubeba mgongoni kwamba unahitaji soksi, mgeni utamwambiaje kwamba fedha za chakula zimekuishia?

Tena usiposema, watu hawaachi kununua. Wananunua kile wanachokifikiria wao.

Bibi amekununulia blanketi. Ni zuri kweli, zito, la rangi unayoipenda. Nimelipima: kilo nne na nusu. Nimeliweka ndani ya sanduku lako kubwa, limekula nusu nzima. Mashirika mengi ya ndege humpa abiria wa daraja la kawaida kilo 23 kwa begi, na begi moja likivuka kilo 32 wengi hawalipokei hata ukiwa tayari kulipia. Sasa ongeza sufuria za Mama mkubwa, maana naye amenunua seti nzima na vifuniko vyake. Utabeba nguo wapi? Blanketi na sufuria utavipata huko huko, na wanafunzi wanaomaliza huviuza kwa bei ya kutupa au huviacha bure.

Mimi sitamwambia Bibi. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako na kwa adabu zote, kwamba blanketi utalilalia ukija likizo, na kwamba unamwomba akushonee kijimfuko cha kuvaa ndani ya nguo, cha kutiwa pasipoti na kadi ya benki. Mkono wake bado unashona vizuri kuliko mafundi wengi. Atafurahi kuombwa, utaona.

Mjomba ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Amenunua pawabenki kubwa, ameileta mwenyewe, anasema utachaji simu wiki nzima. Nikaigeuza nyuma, nikamulika kwa tochi ya simu maana maandishi ni madogo kama chawa: mAh 30,000, volti 3.7. Baba yako akapiga hesabu, mAh mara volti kisha gawa kwa elfu, zikatoka wati-saa 111, ndicho kipimo cha betri wanachokiangalia watu wa ndege. Kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ya shirika la ndege ni wati-saa 100. Kuanzia hapo mpaka 160 lazima shirika likubali kwanza. Ile ya mAh 20,000 ina wati-saa 74 tu, hiyo haina maneno. Na yoyote utakayobeba, isikae kabisa kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Inakaa kwenye begi la mkononi, kwa sababu betri za lithiamu zikishika moto lazima pawepo mtu wa kuuona na kuuzima. Ungemwambia Mjomba tangu mwanzo "naomba ya elfu ishirini" asingetumia fedha nyingi hivyo. Bado anayo risiti. Mpigie.

Ukimpigia, mwulize pia habari ya adapta, maana alitaka kukununulia na kibadilisha umeme, kile kizito. Chaja ya simu na ya kompyuta angalia lebo yake: ikiandikwa 100-240V, unachohitaji ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi tu, basi. Uingereza ni pini tatu bapa, nchi nyingi za Ulaya bara ni pini mbili za mviringo, Marekani na Kanada ni pini mbili bapa na umeme wao ni volti 120. Pasi au kikausha nywele cha volti 230 kipeleke Marekani uone kitakavyokuwa vuguvugu tu. Cha kule ukikichomeka kwenye umeme wa 230 kitaungua. Vitu hivyo viache. Wewe unazunguka kwa wenzako wakati wa likizo, kwa hiyo adapta ya nchi nyingi ndiyo zawadi ya kuomba, nayo haizidi uzito wa sabuni.

Shangazi yeye anataka kukufungia nyama ya kukausha na mbegu za mboga ukapande kwenye kopo dirishani. Moyo wake naujua. Lakini nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria wa kutoka nje ya umoja huo kuingia na nyama wala maziwa, na Australia na New Zealand ukificha hata tunda moja wanakutoza faini pale pale uwanjani. Mwombe miwani. Unayo moja, na ikivunjika huko, kupimwa macho na kutengenezewa nyingine kunaweza kumeza fedha zako za mwezi. Akulipie miwani ya pili sasa, kwa vipimo vipya, na karatasi ya vipimo uipige picha uihifadhi kwenye simu.

Habari ya miwani ya darasa la saba siirudii, unaijua. Nasema tu kwamba mtoto hafichi kitu kilichovunjika bila sababu, na mwaka ule nyumba hii ilikuwa na kelele nyingi za fedha. Hizo kelele zimekwisha. Hakuna tena wa kukufanya uone kwamba kuhitaji kitu ni kosa.

Dawa zako za pumu nitazishughulikia mimi, ila nenda kwa daktari mwenyewe. Omba barua yenye jina la dawa yenyewe, si lile la kibiashara pekee, maana dawa moja huuzwa kwa majina tofauti kila nchi. Zikae kwenye pakiti zake za duka la dawa, kwenye begi la mkononi. Na uulize ubalozini wanaruhusu za muda gani. Japani, kwa mfano, dawa za cheti zikizidi za mwezi mmoja wanataka kibali kabla hujasafiri. Baba mdogo akiuliza tena, mwambie alipie dawa za kuanzia. Usimtumie kikatuni.

Kuna hili la fedha, najua ndilo linalokufunga mdomo kuliko yote. Mtu akikuuliza unataka nini na unachohitaji ni fedha, sema ni fedha na useme za nini. "Nachangisha ya koti la baridi, nitalinunua nikifika." Hilo si ombaomba, mtu anajua mchango wake umekwenda wapi, na wewe utanunua koti linalofaa baridi ya huko badala ya kubeba tunalolikisia sisi. Au sema unachangisha amana ya chumba, maana wenye nyumba wengi hutaka amana pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza, na ufadhili wako sijui utaingia siku ya ngapi baada ya kufika. Wiki za mwanzo ndizo zinazonitisha. Ndizo utakazokuwa na njaa na kusema umeshiba.

Binamu zako wadogo nao wanataka kutoa chochote. Waambie wakulipie picha za pasipoti, kidogo tu kwao na utazihitaji kila ofisi. Nchi nyingi hutumia milimita 35 kwa 45, Marekani ni 51 kwa 51, kwa hiyo wape vipimo kabisa.

Na laini yako ya hapa usiizime. Benki hutuma namba ya siri kwenye laini hiyo, ukiizima utashindwa kugusa akiba yako mwenyewe. Baba yako atakuwa anaitia salio, hiyo ndiyo zawadi yake, ameamua bila kukuuliza kwa sababu amechoka kukuuliza. Lakini wewe hakikisha simu yako haijafungwa kwa mtandao mmoja, ili uweke na laini ya huko.

Ile barua yako ya kukubaliwa chuo niliisoma kwa sauti mezani. Nilipomaliza, baba yako akasema nirudie pale wanaposifu insha yako. Nikarudia. Kisha akatoka nje akasema anaangalia geti. Mtoto anayeandika hivyo kwa watu asiowajua, kwa nini hawezi kuwaandikia ndugu zake mistari mitano?

Geti lenyewe bado halijafungika vizuri, fundi ameahidi Jumamosi. Bomba la jikoni limetengenezwa ila sasa linapiga kelele usiku. Mdogo wako ameshahamishia vitabu vyake kwenye meza yako, nimemwambia avirudishe mpaka uondoke, hajavirudisha. Nguo zako za zamani nimezitenga mafungu mawili, za kubaki na za kugawa. Lile sweta la kijani limechanika kwapa lakini sikuthubutu kuligawa, uamue mwenyewe ukija.

Orodha niipate kabla ya Jumapili. Mbele ya kila jina andika kitu kimoja: Bibi, Mjomba, Shangazi, Mama mkubwa, Baba mdogo. Halafu uwapigie mmoja mmoja, mimi sitakuwa msemaji wako. Kama kuna kitu unakihitaji na unaona aibu kukitaja kwa watu, kianzishe kwangu, hata kiwe kikubwa. Kama hatukiwezi nitakwambia hatukiwezi, basi, hakuna atakayekasirika.

Ukitoka hosteli njoo na mashuka yote yafuliwe kabla hatujafunga mabegi. Na mdogo wako anauliza kama unampa meza au unamwazima. Mjibu.

Mama yako