Miinuko ya Kigezi si kikwazo kwa utalii wa baiskeli

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzetu wa Mbarara, ambaye katika barua yake ya wiki iliyopita alidai kwamba utalii wa baiskeli hauwezi kushamiri Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa sababu milima yetu ni mikali mno, na kwamba ingekuwa heri juhudi hizo zipelekwe kwenye wilaya zenye ardhi tambarare. Namheshimu kwa kujali fedha za umma, lakini nadhani hajapata kukaa na watu wanaosafiri kwa baiskeli kwa starehe zao. Watu hao huitafuta milima, na wakipelekwa uwandani huchoka mapema, kwa kuwa huko macho hayapati kipya na upepo hauna cha kuuzuia.

Mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Liguria, mkoa mwembamba wa kaskazini-magharibi mwa Italia uliobanwa kati ya milima na bahari, ambako niliishi nikiwa masomoni na kuzunguka kwa baiskeli ya kuazima. Kila mwaka mwezi Machi hupita huko mashindano ya baiskeli ya Milano–Sanremo, yaliyoanza mwaka 1907 na ambayo urefu wake unakaribia kilomita 300. Waandaaji walipoona kwamba sehemu ya mwisho, inayofuata pwani, imekuwa nyepesi mno kwa wakimbiaji, waliipandisha njia hadi kwenye kilima cha Poggio mwaka 1960, kisha mwaka 1982 wakaongeza kilima kingine, Cipressa. Namwomba ndugu yangu wa Mbarara alitafakari hilo: watu waliokuwa na barabara nzuri kando ya bahari waliiacha kwa makusudi ili wapande mlima. Cipressa ina urefu wa kilomita 5.6 na mwinuko wa wastani wa asilimia nne hivi, yaani kila mita mia moja unazokwenda mbele unapanda mita nne. Leo wageni wasio na shindano lolote huenda huko mwaka mzima, wakajipima pumzi kwenye kona zile zile walizoziona katika televisheni.

Hata hivyo, uzuri wenyewe hauko kwenye vilima hivyo viwili mashuhuri, bali ndani zaidi. Ukitoka Sanremo kwa barabara ya Ceriana unapanda taratibu hadi kijiji cha Baiardo, kilicho takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari, ambako yamebaki magofu ya kanisa lililobomolewa na tetemeko la ardhi la mwaka 1887. Magari ni machache, barabara ni nyembamba, na kona zake zimekatwa kwa ustadi hivi kwamba mpandaji hupata pumzi kila anapogeuka. Kutoka hapo unateremka hadi Apricale, kijiji cha nyumba za mawe zilizorundikana kwenye mgongo wa kilima, kisha Isolabona, kisha Dolceacqua yenye daraja la mawe la tao moja ambalo mchoraji Monet alilichora mwaka 1884, na hatimaye unaifikia tena bahari karibu na Ventimiglia. Katika mteremko huo breki hupata moto, na mwendeshaji mwenye busara huzibana kidogo kidogo na kuziachia, huku mikono yote miwili ikifanya kazi, badala ya kuzishikilia kuanzia juu hadi chini. Jioni, aliyechoka huingia na baiskeli yake kwenye treni ya mkoa kwa kulipia tiketi ndogo ya ziada, akarudi Sanremo ameketi.

Wenyeji wamekuwa werevu pia katika kutumia walichokuwa nacho. Reli ya zamani ya njia moja ilikuwa ikipita ukingoni kabisa mwa bahari, na mwaka 2001 ilipohamishiwa ndani ya milima, tuta lake halikuachwa liote magugu wala halikugawiwa wajenzi wa mahoteli. Liligeuzwa kuwa njia ya baiskeli na waendao kwa miguu, kilomita 24 kati ya Ospedaletti na San Lorenzo al Mare, pamoja na mahandaki yake yaliyowekewa taa. Kwa kuwa treni haiwezi mwinuko mkali, njia hiyo karibu haina mlima, kwa hiyo wazee na watoto hubaki pwani wakati vijana wao wako juu Baiardo.

Sasa turudi nyumbani. Anayetazama Kigezi kutoka Kachwekano, juu ya Ziwa Bunyonyi, anaona mashamba yaliyopangwa ngazi kwa ngazi hadi kileleni, kazi iliyosisitizwa tangu miaka ya 1940 ili udongo usisombwe na mvua. Milima ya Liguria nayo imekatwa ngazi hivyo hivyo kwa ajili ya mizeituni na mizabibu, ila wenzetu huzizuia kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na ufundi huo wa kujenga kuta umeingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2018, Italia ikiwa mojawapo ya nchi zilizouombea. Mgeni hulipa nauli ya ndege kwenda kuona ngazi zile, na sidhani kwamba zetu zingemchosha macho. Tena msimu unatusaidia: miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo pwani ya Italia huwa na joto kali na msongamano wa magari, ndiyo miezi yetu ya kiangazi, hewa ya mji wetu wa Kabale ikiwa ya baridi na barabara za murramu, yaani za udongo zisizo na lami, zikiwa kavu.

Sisemi kwamba kila kitu ni sawa. Bunyonyi iko mita 1,962 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mara mbili ya Baiardo, na mgeni aliyetua jana atahema kabla hajafika nusu ya mlima. Barabara zetu nyingi za vijijini zilichimbwa bila kujali mwinuko, hivyo zipo sehemu ambazo hata mwenyeji hushuka akasukuma. Murramu ikinyeshewa huteleza kama sabuni, na tairi nyembamba za barabara ya lami hazifai hapo hata kidogo. Panatakiwa tairi pana, breki za diski, na gia ndogo ambayo idadi ya meno ya mbele haizidi ya nyuma. Baiskeli za chuma za gia moja tunazobebea ndizi ni imara ajabu, lakini kumkodishia mtalii baiskeli hiyo aende nayo Muko, kaskazini mwa ziwa, ni kumfanyia mzaha.

Hatari kubwa zaidi ni magari. Barabara ya Mbarara hadi Katuna, mpakani mwa Rwanda, ni ya malori ya mizigo yaendayo Rwanda, na sioni sababu ya kumpitisha humo mtu mwenye baiskeli wakati kuna njia za nyuma. Hata Italia, yenye mapenzi makubwa na mchezo huu, ilimpoteza Michele Scarponi, mmoja wa wakimbiaji wake wakubwa, aliyegongwa na gari dogo la mizigo mwezi Aprili 2017 akifanya mazoezi karibu na nyumbani kwake Filottrano, katika vilima vilivyo jirani na bahari ya Adriatiki.

Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika, katika mji wa vilima ulio mwendo wa saa chache tu kutoka Kabale. Sikusikia aliyelalamika kwamba vilima vya Kigali viliharibu mashindano. Ndivyo vilivyoyapa sifa.

Kwa hiyo ningependa halmashauri ya wilaya ya Kabale na Bodi ya Utalii ya Uganda zianze na mambo yasiyohitaji mkopo. Kwanza ziweke vibao kwenye njia panda za barabara ndogo kutoka Kabale hadi Rutinda, kando ya Ziwa Bunyonyi, na kuelekea Muko, vyenye umbali na mwinuko, kwa sababu ramani za simu humpeleka mgeni kwenye barabara kuu. Pia zikubaliane na wenye mabasi ya Kampala kuhusu nauli ya baiskeli iliyobandikwa wazi ofisini, maana sasa kila kondakta hutaja bei yake. Italia ilitunga sheria mwaka 1985 ya kuwaruhusu wakulima kuwalaza na kuwalisha wasafiri bila kuacha kilimo. Hapa kwetu wapo wakulima wenye chumba cha ziada, viazi, obushera (kinywaji chetu cha mtama) na kamba wa ziwani, ambao wangewapokea wageni kesho iwapo wangeelezwa ni kibali gani kinatakiwa na kinatolewa katika ofisi ipi.

Mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Kabale.