Laini ya muziki iwe peke yake, na ethi isikatwe

Mhariri,

Mimi ni fundi umeme hapa Mbagala, Dar es Salaam, na naomba nafasi niseme na wapenzi wa muziki. Sebule nyingi ninazoingia, amplifaya, sabufa, televisheni na friji vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja nyuma ya kochi. Kompresa ya friji ikiwaka, spika zinatoa "tak!" na taa inafifia.

Dawa ni kuvuta laini ya umeme ya peke yake kutoka kwenye meini swichi: waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, breka yake ya ampea 20, na ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja) inayofika ardhini kweli. Vyombo vyote vya muziki vichomekwe hapo hapo. Kimoja kikichukua ethi huku na kingine kule, ule mngurumo wa "mmm" kwenye spika unaweza kubaki hata ununue spika za bei gani. Ila umeme ukiwa mdogo kutoka mtaani, laini hiyo haiuongezi, msidanganywe.

Kinachoniuma ni mafundi wanaokata ethi ili mngurumo uishe. Kweli unaisha. Lakini waya wa moto ukigusa bodi la chuma la amplifaya, volti 230 zinamsubiri mtoto atakayekwenda kuongeza sauti. Juzi nimefungua plagi ya mteja nikakuta waya wa kijani na njano, ndiyo ethi yenyewe, umekatwa, ncha imezungushiwa tepu nyeusi vizuri kabisa. Aliyefanya vile alijua anachokata.

Mnaojenga, semeni na fundi kabla ya plasta. Baadaye ni kutindua ukuta, na gharama inapanda.

Fundi umeme,
Mbagala, Dar es Salaam