Vitamini zisiuzwe juani

Mhariri,

Inasikitisha kuona makopo ya vitamini yameanikwa juani kando ya barabara hapa Mombasa, lebo zimechujuka, mengine tarehe ya mwisho imebandikwa juu ya nyingine. Na watu wananunua!

Wengi wetu hatuhitaji vidonge hivi kila siku. Soko la Kongowea lina samaki, kunde na mchicha, na tangu 2012 sheria inataka unga wa viwandani utiwe vitamini na madini. Wenye haja ya kweli wanajulikana. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anahitaji mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa anahitaji vitamini B12. Anayemeza vidonge vya madini ya chuma asiviteremshie na chai, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini.

Kuhusu chapa, bei kubwa si dhamana. Marekani kwenyewe bidhaa hizi huingia sokoni bila idhini ya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, kwa hivyo tazameni alama ya USP au NSF, taasisi huru zinazopima kilichomo. Nunueni kwenye duka la dawa lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Maafisa wa afya wa kaunti, tafadhali yaondoeni makopo hayo barabarani.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa