Risala kwa Mgeni Rasmi: Kazi Yetu ya Kufundisha Ubunifu kwa Njia ya Mtandao

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti na viongozi wa kikundi,
Wakufunzi wetu,
Wazazi, wenzi na ndugu mliovumilia kuambiwa "nyamazeni, tunarekodi",
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu na kuja kukaa nasi siku ya leo. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni kikundi cha wachoraji, wapiga picha, washonaji, wafinyanzi, waimbaji na waandishi wa hadithi tuliochagua kuishi kwa kufundisha stadi zetu mtandaoni. Leo tunafunga awamu ya mafunzo tunayopeana wenyewe kwa wenyewe, na tunawapokea walimu wapya ambao wataanza kuandikisha wanafunzi wao. Tumeona tutumie nafasi hii kukueleza kazi hii ni ya namna gani hasa, maana wengi wanaiona kama mchezo wa simu, na wengine wanaiona kama njia ya kulala masikini na kuamka tajiri. Siyo hivyo wala hivyo.

Kufundisha watu walio mbali si jambo la juzi. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanzisha posta ya peni moja, Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato, yaani maandishi ya mkato ya kunukuu usemi kwa haraka, kwa barua. Wanafunzi walinakili vifungu vya Biblia kwa hatimkato, wakampelekea, naye akasahihisha na kuwarudishia. Tunaomba usahihishaji huo uukumbuke, Mheshimiwa, kwa sababu ndio kiini cha risala hii. Bila kalamu ya kusahihisha, Pitman angekuwa muuza vitabu tu.

Mwingine tunayependa kumtaja ni Lynda Weinman wa Marekani, mwalimu wa usanifu wa picha kwa kompyuta. Tovuti yake ilianza mwaka 1995. Alifundisha madarasa ya ana kwa ana, na baada ya mwaka 2001 watu walipopunguza safari, madarasa yalipungukiwa wanafunzi. Mwaka 2002 akaanza kuweka masomo yake mtandaoni kwa ada ya usajili. Mwaka 2015 kampuni ya LinkedIn ikainunua kampuni hiyo kwa takribani dola bilioni 1.5. Wanaosimulia habari hii kwa mbwembwe hutaja 2015 peke yake. Ile miaka 20 ya katikati hawaitaji, na sisi tuko humo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, katika mafunzo yetu tumejifunza mambo mengi ya kiufundi ambayo hatutakuchosha nayo yote. Tumejifunza kwamba mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini havumilii sauti mbovu, kwa hiyo fedha ya kwanza inakwenda kwenye maikrofoni na ya kamera inafuata baadaye. Tumejifunza kufunga simu juu ya meza ili mikono ionekane kutoka upande wa mwalimu, maana mwanafunzi anayeona mikono kutoka mbele inambidi ageuze kila kitu kichwani. Video tunazifanya fupi na nyepesi, pamoja na maelezo ya maandishi, kwa ajili ya wale ambao bando huwaishia kabla ya somo.

Tumejifunza pia kupunguza upana wa kozi. Kozi inayoitwa "Upigaji picha" haina mnunuzi, kwa sababu hakuna anayeamka asubuhi akitaka upigaji picha wote. Lakini mtu anayeuza hereni anataka kupiga picha za hereni, akiwa na simu na dirisha moja. Huyo anajua anachokitafuta, na atalipa. Vilevile hatumruhusu mwalimu mpya kurekodi kozi nzima kabla hajaifundisha mubashara kwa watu wachache waliolipa. Maswali yao ndiyo yanayomwonyesha somo lipi limekosekana na lipi ni porojo.

Sasa, Mheshimiwa, turuhusu tukae kidogo kwenye jambo lililotukutanisha.

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa kozi za wazi za mtandaoni zilizotolewa na vyuo vya Harvard na MIT. Katika mwaka wa masomo wa 2017/2018, kati ya wote waliojiandikisha, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Waliolipia cheti cha kuthibitishwa walifanya vizuri zaidi, asilimia 46, lakini hata hao zaidi ya nusu waliishia njiani. Hivyo ni vyuo vyenye majina makubwa na vifaa vya kila aina. Mwalimu wa kushona kola anayedhani video zake nzuri zitamfikisha mwanafunzi mwisho, anajipa moyo tu.

Na katika stadi za mikono hata kumaliza hakutoshi. Mtu anaweza kutazama video zote za ushonaji, akaweka alama ya tiki kwenye kila somo, na bado zipu ikamshinda. Mkono haujifunzi kwa kutazama. Unajifunza kwa kufanya vibaya mbele ya mtu anayejua, akakwambia vibaya hapo ni wapi.

Ndiyo maana tumefikia msimamo, ingawa wapo wanachama wasioukubali na wamekaa humu ukumbini wakitutazama kwa jicho la upande: tunachouza si video. Tunauza jicho la mwalimu juu ya kazi ya mwanafunzi. Video iwe rahisi, hata ya bure. Bei iwe kwenye mrejesho. Mchoraji Bob Ross aliyefundisha kwenye televisheni ya Marekani kuanzia 1983 hadi 1994 alivifanya vipindi vyake bila malipo, na fedha zikaja kwa madarasa, rangi na brashi.

Mrejesho una gharama, na hapa ndipo hesabu za biashara zinapoanza kuuma. Tuseme mwalimu ana wanafunzi 30, kila mmoja analeta kazi moja kwa wiki, na kila kazi inahitaji dakika 10 kuitazama na kuijibu. Hizo ni dakika 300, yaani saa tano kila wiki, kabla hajarekodi somo jipya wala kujibu barua pepe. Akiwa na 300, ni saa 50, na hapo hana tena maisha. Kwa hiyo anayetaka kukua hana budi kuchagua: apandishe ada, aajiri wasaidizi aliowafundisha mwenyewe, au awafundishe wanafunzi kutazamana kazi. Wengi wetu tumechagua la kwanza na la tatu. Anayekwambia kuna njia ya nne ya kupata fedha ukiwa umelala, muulize wanafunzi wake wanatengeneza nini.

Kila fani ina ujanja wake katika jambo hili. Mwalimu wetu wa ushonaji hataki picha ya nguo kwa nje. Anataka picha ya upande wa ndani, kwa sababu nje husitiri mengi. Mfinyanzi anakabiliwa na tatizo kwamba kamera haiwezi kuonyesha vidole vinakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Basi humwambia mwanafunzi akate chungu kibichi katikati kwa waya na apige picha unene wa ukuta wake. Inauma kukata kazi yako, lakini ule mkato unasema kweli yote. Waimbaji nao wamegundua kwamba huwezi kuimba pamoja na mtu mubashara, kwani sauti huchelewa njiani na mdundo hupotea. Mwanafunzi huvaa visikilizia masikioni, akasikiliza ala, akarekodi sauti yake peke yake na kuituma.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo zipo changamoto.

Ya kwanza ni masoko ya mtandaoni ya kuuzia kozi. Yanaleta wanafunzi, hatukatai, lakini yana masharti yake. Udemy, kwa mfano, kwa utaratibu wake wa miaka ya karibuni, humpa mwalimu asilimia 97 ya mauzo aliyoyaleta mwenyewe kwa kiungo chake, na asilimia 37 mnunuzi akifika kwa njia ya soko. Skillshare hugawa malipo kwa kuangalia dakika zilizotazamwa. Mpango wa namna hiyo unampendelea anayeongea sana kuliko anayemwambia mwanafunzi azime video akafanye kazi. Kwa sababu hiyo tunawasisitiza wanachama, hata wakiwa sokoni, wajenge orodha yao wenyewe ya barua pepe.

Ya pili ni wizi. Kozi iliyochukua miezi kuandaliwa hukutwa kwenye makundi ya ujumbe ikigawiwa bure. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 unalinda kazi ya msanii tangu inapotengenezwa, bila kuhitaji kuisajili, ila haki iliyo kwenye karatasi inahitaji mtu wa kuifuatilia. Tuseme ukweli pia kwamba wapo wenzetu wanaotumia muziki wa watu kwenye masomo yao bila ruhusa na hapo hapo wanalalamika kuibiwa.

Ya tatu ni hawa wanaofundisha kuuza kozi za kuuza kozi. Hawajawahi kuchonga, kushona wala kuchora chochote, na wamewachosha wateja kwa ahadi. Tukija sisi na ada halali, tunapokelewa kwa mashaka.

Kuhusu programu za akili unde zinazochora kwa sekunde chache, tumeulizwa sana. Wachoraji wanaoishi kwa kazi za kuagizwa wana sababu ya kuwa na hofu. Kwa upande wa ufundishaji, bado tunapata watu wanaotaka kuchora kwa mikono yao wenyewe, na ndio wateja wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi machache. Tunaomba utusaidie kupata chumba kimoja tulivu cha kurekodia ambacho wanachama watakitumia kwa zamu. Vyumba vyetu vya kulala vimefanya kazi hiyo muda mrefu na familia zimechoka kunyamaza. Tunaomba utuunganishe na mwanasheria atakayetusomea mikataba ya majukwaa kabla hatujabofya "nakubali". Tunaomba pia, kwa nafasi yako, uwashawishi waajiri watazame mkusanyo wa kazi za mhitimu wetu hata kama cheti chake hakina muhuri wa chuo kikubwa.

Ombi la mwisho ni lako binafsi. Tumekuandikia nafasi kwenye kozi yoyote utakayoichagua kati ya zetu. Kazi ya kwanza italetwa wiki moja baada ya kuanza, na itasahihishwa kama ya mtu mwingine yeyote, bila kuangalia cheo.

Ahsante kwa kutusikiliza. Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.