Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Vikundi vya Kusaidiana Gerezani

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inanitaka nisimame mbele yenu mara moja kwa mwaka nieleze kazi iliyofanyika. Yale mnayoyajua nitayapitia haraka, maana kuna jambo ambalo baadhi yenu mmekuwa mkilijadili pembeni tangu mwezi wa nne, na mimi sijaitwa hata siku moja.

Vikundi 5 vya wafungwa vimeendelea kuketi gerezani kila wiki: viwili vya wanaopambana na hasira, kimoja cha kuacha pombe na dawa za kulevya, kimoja cha wafungwa wenye watoto nje, na kimoja cha wanaokaribia kutoka. Wiki za upekuzi hatukuketi. Waongozaji 11 wamefunzwa, madaftari yalifika kwa kuchelewa, kamati imekutana mara 7 na mara 3 kati ya hizo akidi haikutimia. Hesabu atazisoma Mweka Hazina. Kibali cha kuingia gerezani kimehuishwa. Barua niliiandika mimi na kuifuatilia mimi, safari 6, kwa nauli yangu.

Sasa nije kwenye uamuzi wa mwezi wa nne. Kamati ilikata shauri kwamba mwanachama anayeingia kutoka nje ya gereza asiongoze kikao tena. Anaingia mara moja kwa mwezi, anaketi na waongozaji, anasikiliza yaliyowakwaza, anawaongezea mafunzo, anaondoka. Vikao vyenyewe wanaviongoza wafungwa, askari akiwa karibu kama kawaida. Kwa hilo nimepokea barua ya kurasa 4 yenye sahihi 9. Nimeisoma mara tatu, na nitaijibu hapa ili asiwepo wa kusema niliificha.

Barua inadai kwamba tumezalisha manyapara. Neno hilo ni zito, na aliyeliandika hajawahi kuwa chini ya nyapara. Mimi nimewahi. Nililala ndani miaka 6, na ninajua tofauti ya mfungwa aliyepewa mamlaka juu ya wenzake na mfungwa anayefungua kikao kwa kueleza kosa lake mwenyewe kwanza. Waandishi wamenukuu Kanuni za Nelson Mandela za jinsi wafungwa wanavyopaswa kutendewa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2015, kwamba mfungwa asipewe kazi ya kuwatia wenzake nidhamu. Ni kweli, ni kanuni ya 40. Lakini wameishia fungu la kwanza. Fungu la pili linasema katazo hilo lisizuie utaratibu wa wafungwa kukabidhiwa, chini ya usimamizi, majukumu ya kijamii, ya elimu au ya michezo wakiwa katika vikundi. Hao ndio sisi. Mwongozaji wetu hashiki ufunguo, hapeleki ripoti ya nani kasema nini, na baada ya miezi 4 anampisha mwingine.

Suala la siri nalo limeulizwa, na hapo sina ugomvi na mtu. Masharti hayajabadilika: linalosemwa kwenye duara linabaki kwenye duara, isipokuwa mtu akisema anataka kujidhuru, kumdhuru mwenzake au kutoroka. Hilo husomwa kila kikao kabla hajafunguka yeyote. Mwenye kulisoma ni mfungwa, na nimegundua analisoma polepole kuliko tulivyokuwa tukilisoma sisi.

Kisha kuna lile swali ambalo naona ndilo lililowauma zaidi: sisi tutabaki na kazi gani? Ndugu zangu, hatukubuni jambo geni. Mwaka 1975, katika gereza la Green Haven, jimbo la New York, wafungwa ndio waliowaita Waquaker, waumini wa dhehebu la Marafiki, wawasaidie kuandaa mafunzo ya kuachana na ukatili, na hadi leo mafunzo yale huongozwa na wafungwa pia. Katika gereza la Swansea, Wales, tangu mwaka 1991 Samaritans, shirika la kuwasikiliza watu walio katika dhiki, huwafunza wafungwa kuwasikiliza wenzao waliokata tamaa. Wa nje anafunza na kusimamia. Anayesikiliza usiku, lango likiwa limefungwa, ni wa ndani. Nani kati yetu yuko mle saa nane za usiku?

Nawaeleza pia kilichonibadilisha mimi mwenyewe, maana wapo wanaosema nilishinikizwa. Kulikuwa na mtu mmoja katika kikundi cha hasira ambaye kwa vikao 8 jibu lake lilikuwa "niko sawa". Siku moja niliitwa langoni kusaini kitabu upya, nikakaa huko kama dakika 20. Niliporudi nilimsikia kabla sijamwona. Alikuwa anasema, sauti iko chini, na mle ndani hakuna aliyekohoa. Alichosema si changu kukisimulia. Alikuwa ameinamisha kichwa. Alipoona viatu vyangu mlangoni akanyamaza. Wenzake wote walivaa ndala. Mimi niliyelala selo kama wao, nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa viatu.

Nakiri kosa moja, tena nalikiri nusu. Kikundi cha pili cha hasira kilisimama wiki 5 kwa sababu mwongozaji wake alihamishiwa gereza jingine bila taarifa, na hatukuwa tumeandaa wa pili. Uhamisho ungekuwepo hata kama tungeongoza sisi. Hata hivyo sasa kila kikundi kina wawili.

Na kwa kuwa barua imetumia neno "kutelekeza", nilikwenda kuangalia kitabu cha lango. Kabla ya uamuzi, katika vikao 40 tulivyojiandikisha kuongoza wenyewe, 23 hakufika mtu. Watu wamekaa kwenye mabenchi wakimsubiri mwalimu ambaye simu yake haipatikani. Mfungwa akisubiri bure hana pa kwenda kulalamika. Anarudi selo tu, na wiki inayofuata haji. Kati ya waliosaini ile barua, 4 hawajavuka lango mwaka mzima. Majina sitataja, wanajijua.

Ada je? Wanachama tuko 52, waliolipa ni 17, na mmoja kati ya hao alilipa jana baada ya kusikia orodha itasomwa. Leo tumepanga viti 50, navihesabu vilivyokaliwa havifiki nusu. Wenye hoja kali zaidi kuhusu uongozi wangu siwaoni.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kufungua kikundi upande wa wanawake, na kuwafuatilia wanaotoka angalau miezi yao ya mwanzo, ambayo mimi binafsi nakumbuka ilinishinda kuliko kifungo. Mazungumzo yameanza na yanakwenda vizuri. Kuhusu uamuzi wa mwezi wa nne, anayetaka uondolewe alete hoja kwa utaratibu wa katiba, akiwa amelipa ada.

Kitabu cha risiti kiko kwa Mweka Hazina, meza ya karibu na mlango.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti