Kuku wa bibi aliyenadiwa mara tatu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimkumbuke bibi yetu mzaa baba, tuliyemzika kihambani (shamba la ukoo) Machame, Kilimanjaro, mwezi uliopita. Gazeti lenu tulikuwa tukimsomea kila Jumamosi, naye alitaka tuanze na tanzia.

Wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, babu yake akiwa kijana. Makanisa saba yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963, bibi alikuwa na watoto watatu. "Sisi tulikuwa Walutheri kabla ya hilo jina," alikuwa akitutania.

Jumapili alishuka na mkungu wa ndizi kichwani kwa ajili ya mnada baada ya ibada. Safari moja kuku aliyemtoa sadaka akatajiwa bei ya kutupa. Bibi akapanda dau, akamnunua mwenyewe, akamrudisha anadiwe upya. Mara tatu! Mzee wa kanisa alichoka. (Kuku huyo tulimla Krismasi, na kusema kweli alikuwa mgumu.)

Macho yalipofifia bado alishika kitabu cha nyimbo, pengine juu chini, akiimba beti zote bila kukosea. Nafasi yake kwenye benchi la mbele bado haijakaliwa na mtu.

Mjukuu wake,
Moshi