Salamu za Krismasi kwa Wanaokwenda Kuhesabiwa

Heri ya Krismasi, ndugu, jamaa na marafiki. Mlio njiani, salamu hizi ziwakute salama. Mnaobaki Dar, furahieni barabara tupu. Tunajua mlikuwa mnatusubiri tuondoke ili mpumue.

Utani ni ule ule kila Desemba, sisi Wachaga tukifunga safari ya kurudi kwetu Kilimanjaro: eti Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Tumeshauzoea, na mimi sioni ubaya wake. Aliyeuanzisha huenda alikuwa msikivu sana kanisani, maana Luka sura ya pili inasema wazi: "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao." Yusufu naye alifunga safari kwa sababu hiyo hiyo, na mke mjamzito juu. Ila yeye hakukutana na foleni ya Chalinze.

Wenye umri wangu mtakumbuka stendi ya Ubungo, Dar, ya enzi zile. Mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku, kwa hiyo yote yalitaka kutoka alfajiri kwa pamoja, na stendi ilijaa watu, mabegi, madumu na wapiga debe kabla hata jogoo hajawika. Baba alikuwa na hesabu zake: mtoto anayepakatwa halipiwi nauli. Basi tulipakatwa mpaka miguu ikafika sakafuni. Kondakta alikuwa anatutazama, anamtazama baba, anacheka, anapita. Mombo ndipo tuliposhuka kula na kunyoosha viungo. Baada ya hapo ni mkonge, milima ya Upare upande wa kulia, Same, Mwanga, na mashindano ya nani ataiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wa kwanza. Mara nyingi mshindi alikuwa mwongo, kwa sababu mlima ulikuwa umejifunika mawingu. Tukishuka Himo tunapanda pikapu ya kwenda Marangu, na baridi inaanza kutuambia kwamba tumefika.

Bibi alikuwa ameshaanza sikukuu siku nyingi kabla yetu. Mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, haipikwi leo ikanywewa leo. Ndizi zinaivishwa, zinamenywa, zinachemshwa kwenye sufuria kubwa mpaka zinageuka rangi ya udongo mwekundu, kisha zinaachwa zichachuke. Ulezi nao umeloweshwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa, ukapikwa uji. Gome la msesewa ndilo linaloleta ule uchungu ambao mtoto hauelewi na mtu mzima hauachi. Siku ya kuchanganya, sisi watoto tulipewa kikombe cha ile iliyo bado tamu, tukajifanya tumelewa, tukayumba uani kama wajomba zetu. Bibi alicheka mpaka akaketi chini. Wajomba hawakucheka.

Mkesha wa Krismasi ulikuwa wa kanisa. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na katika vitu walivyotuachia Walutheri wa mlimani, tarumbeta ndizo zilizoshika mizizi kuliko vingi. Usiku ule zikilia, unazisikia kutoka kijiji cha pili, bondeni. Asubuhi yake, baada ya ibada, ndiyo ilikuwa raha yangu mimi: mnada. Mama mmoja katoa mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, mwingine mayai katika kikapu. Mzee wa kanisa ananadi kwa maneno mengi kuliko mahubiri. Mtu wa Dar ananunua mkungu kwa bei ya mbuzi, watu wanashangilia, kisha anasema, "Naurudisha," unauzwa upya. Nimewahi kuona jogoo mmoja akiuzwa na kurudishwa mpaka akachoka kupiga kelele. Wote tulijua nani anapenda kuonekana, na kanisa likapata mabati.

Nguo mpya zilitegemea kahawa. Malipo ya ushirika yakiwa mazuri, fundi alikatiwa kitambaa cha jora moja, na sisi wote, wasichana kwa wavulana, tukatoka kama kwaya. Yakiwa mabaya, kaka alirithisha shati. Siku hizi mibuni mingi imeng'olewa kupisha migomba na maparachichi, na nguo zinaagizwa kwa simu. Sijamsikia mtoto yeyote akililia jora moja.

Na hapa nina neno kwa wale wanaosema Krismasi ya zamani ndiyo ilikuwa Krismasi. Nilikuwa nikisema hivyo hivyo kuhusu pilau ya bibi, mpaka siku moja mwenyewe akanijibu kwamba utotoni mwake pilau hawakuijua. Krismasi yao ilikuwa ndizi na nyama, kisusio, yaani supu ya damu ya mbuzi, kwa wanaume waliochinja, basi. Mchele ulipandishwa mlimani na watoto wake waliokwenda kutafuta kazi huko chini, wakarudi na midomo iliyozoea vyakula vya pwani. Hata safari yenyewe tunayoiita mila haikuwepo kwake: yeye aliamkia Krismasi kitandani kwake, kanisa li hatua chache, na ndugu zake wote walikuwa katika vihamba, mashamba ya ukoo, vya jirani. Sisi ndio tuliomletea kusubiri. Alisubiri basi, alisubiri barua, baadaye akasubiri simu.

Alipofariki, nyumba ilifungwa. Mwaka uliofuata kila mmoja alipika kwake, Kimara, Tabata, Mbagala, tukatumiana picha za sahani. Chakula kilikuwa kizuri. Watoto walikwenda ufukweni na kwa maoni yao ilikuwa Krismasi bora kuliko zote, na siwezi kuwabishia. Lakini simu zilianza jioni ile ile. Shangazi kampigia kaka yake, kaka kanipigia mimi, na hakuna aliyekuwa na jambo la kusema zaidi ya, "Kwa hiyo huko mmeshakula?" Baba mdogo alipostaafu akapandisha mlimani na kuifungua nyumba. Mbege sasa anaipika jirani, tunalipa kwa simu, na ukweli usemwe, msesewa anautia mwingi kuliko bibi.

Yamebadilika mengine pia. Mabasi ya usiku yalirudi mwaka 2023, kwa hiyo mtu analala Mbezi anaamkia Moshi. Treni nayo ilirejea mwishoni mwa 2019 baada ya miaka mingi ya reli kuota majani, na wapo kwetu ambao hawataki tena kusikia habari za basi. Watoto wetu wanaitikia salamu ya Kichaga kwa Kiswahili, na wazee wameacha kugomba. Mti wa Krismasi ni wa plastiki. Wetu ulikuwa tawi la msaiprasi ndani ya ndoo ya mchanga, lililopambwa kwa pamba na kadi zilizokuja mwaka juzi. Nikiri tu kwamba wa plastiki hauchafui sebule.

Salamu za pekee ziende kwa wasioweza kuja. Dada zetu manesi walio zamu usiku wa tarehe 24, madereva wanaotupeleka kwetu wao wasifike kwao, walinzi wanaobaki na mageti yetu. Binamu zetu wa Marekani, tutawapigia video mchana wetu. Najua kwenu kutakuwa bado alfajiri, msitukasirikie mkiamshwa na tarumbeta. Na mlioondokewa na mtu mwaka huu, njooni hata kama hamna hamu. Hakuna atakayewalazimisha kucheka, na kiti cha karibu na moto ni chenu.

Mnaokuja, mambo machache. Mchango wa mbuzi apewe shangazi, asipewe mtu mwingine yeyote, mnajua kwa nini. Magodoro yapo lakini mablanketi hayatoshi, kwa hiyo beba lako, na la mwanao. Vijana mtachuna mbuzi mgombani pamoja na wazee, simu ziachwe ndani. Na mwenye nafasi kwenye gari apitie sokoni atubebee nazi, za kutosha pilau na maharage. Huku juu zinauzwa kama dhahabu. Kurudi utajaziwa buti ndizi na magimbi, hutadai.

Krismasi njema, na heri ya mwaka mpya kwenu nyote.